Kamani za Mbele za Morris Minor na Mtengenezaji wa Nyumbani

Gari likitazamwa na mpita njia huonekana kuwa kitu kimoja. Likitazamwa na mtu aliyelala chali chini yake huonekana kuwa mkutano wa vitu vingi, na kila kimoja kina umri wake. Injini yaweza kuwa ya mwaka jana na bodi ikawa ya miaka sitini iliyopita. Katika mkutano huo hapana mahali palipopewa dhamana kubwa kuliko kiungo kidogo kinachoshika gurudumu la mbele. Kiungo hicho hubeba uzito, hupokea mshindo wa barabara, na wakati huo huo hutii usukani. Injini ikifa, gari husimama. Kiungo hicho kikikatika, gari huenda lisikotakiwa.

Habari za kiungo hicho husimuliwa aghalabu kwa majina ya wahandisi waliokibuni. Lakini maisha ya gari ni marefu kuliko kazi ya mbuni wake. Baada ya mbuni huja mmiliki, na baada ya mmiliki wa kwanza huja wa pili na wa tano. Nao ndio hukifungua kiungo uani kwao au kando ya njia, kwa jeki na spana chache, na kukifunga tena kwa matumaini kwamba gurudumu halitaanguka. Morris Minor, gari la Kiingereza lililotengenezwa tangu mwaka 1948 hadi 1971, ni mfano mwema wa kuipima habari hiyo. Sehemu yake ya mbele ilibuniwa kwa namna ambayo haikuweza kudumu bila ya mtu wa kuiangalia kila mara. Kwa hiyo historia yake ni historia ya chuma na ya mwangalizi wa chuma pia.

Kamani ni kitu cha kale kuliko gari la injini. Jina lenyewe lina asili ya Kiajemi, nalo lilikuwa na maana ya upinde kabla ya kuchukuliwa na Wahindi kuwa jina la kitu kinachopinda na kurudi. Kwa Waswahili limekuwa jina la chuma cha ndani ya saa na cha chini ya gari. Maana ya upinde haikupotea. Mabamba ya chuma yaliyopangwa chini ya mikokoteni ya farasi yalikuwa pinde kweli, na mwaka 1804 Obadiah Elliott wa London alipata hataza ya kuyatumia mawili mawili, moja likielekea juu na moja chini. Magari ya kwanza ya injini yalirithi pinde hizo pamoja na ekseli nzima iliyounganisha magurudumu mawili ya mbele kwa kipande kimoja cha chuma. Mfua chuma yeyote aliyejua kazi ya mikokoteni aliweza kuyatengeneza. Bamba likivunjika, lilifuliwa lingine.

Tatizo lilikuja pamoja na mwendo. Gurudumu linalozunguka kwa kasi hufanya kama pia: likiinamishwa upande mmoja, hutaka kugeuka upande mwingine. Katika ekseli nzima gurudumu la kulia likipanda jiwe, la kushoto huinama nalo, na yote mawili huanza kutafuta kugeuka. Magari ya miaka ya 1920, yaliyopewa matairi manene na breki za mbele, yaliweza kushikwa na mtetemo wa usukani uliomtisha dereva hata akalazimika kusimama. Dawa ilikuwa kuitenga kazi ya kila gurudumu na ya mwenzake. Lancia wa Italia alifanya hivyo kwa gari lake la Lambda mwaka 1922, na Mercedes-Benz ikafuata mwaka 1931. Mwaka 1934 kampuni ya General Motors ya Marekani, ambako Maurice Olley alikuwa amekwenda kufanya kazi baada ya kutoka Rolls-Royce, ilitoa magari mengi yenye magurudumu ya mbele yaliyotengana. Mwaka huo huo Citroën wa Ufaransa alitoa Traction Avant, gari lisilokuwa na mabamba wala kamani za mzunguko, bali fito za chuma zilizosokotwa na uzito wa gari.

Ufito wa namna hiyo wahitaji maelezo, maana ndio roho ya jambo hili. Mtu akishika kitambaa kilicholowa kwa mikono miwili na kukikamua, kitambaa hupinga, na akikiachia hurudi kidogo. Ufito wa chuma kizuri hufanya vivyo hivyo kwa nguvu kubwa zaidi. Mwisho wake mmoja hufungwa katika chesisi usiweze kuzunguka. Mwisho wa pili hushikwa na mkono unaobeba gurudumu. Gurudumu likipanda, mkono hupanda nao na ufito husokoteka. Kizuizi kikipita, ufito hujinyosha. Hauchukui nafasi ya juu, wala hauna majani ya kusuguana na kushika kutu.

Mbuni wa Morris Minor alikuwa Alec Issigonis, aliyezaliwa Smyrna mwaka 1906 na kuondoka huko akiwa kijana mwaka 1922 wakati wa misukosuko ya vita baina ya Wayunani na Waturuki. Alifanya kazi kwa Humber, na mwaka 1936 akaingia kwa Morris, kazi yake ikiwa hasa kamani na usukani. Jambo la kukumbukwa zaidi katika habari zake za miaka hiyo halikufanyika kiwandani. Yeye na rafiki yake George Dowson walijenga gari dogo la mashindano kwa mikono yao wenyewe, nyumbani, katika saa za mapumziko, wakalimaliza kabla ya vita vya 1939. Waliliita Lightweight Special, na mahali pa kamani za chuma walitumia mipira. Mtu aliyekuja kuchora sehemu ya mbele ya gari lililouzwa zaidi ya milioni moja na nusu alikuwa amejifunza, kwa kukwaruzwa vidole, nini maana ya kufikia nati iliyofichwa. Si kila mbuni amepata elimu hiyo, na magari mengi hushuhudia hivyo.

Katika miaka ya vita Issigonis, pamoja na Jack Daniels aliyeyageuza mawazo yake kuwa michoro kamili, alilitayarisha gari jipya. Lilipokaribia kuwa tayari aliliona jembamba, akaamuru gari la majaribio likatwe katikati kwa urefu na nusu zake zitengwe hata jicho lake liridhike. Nafasi ilikuwa inchi 4. Na katika boneti za Minor mpaka leo unaonekana ukanda ulioongezwa kati. Lord Nuffield, mwenye kampuni, hakulipenda. Yasemekana alilifananisha na yai lililopikwa bila ya ganda. Gari lilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Earls Court, London, mwezi wa Oktoba 1948.

Sehemu yake ya mbele ilikuwa hivi. Chini palikuwa na mkono wa vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa boliti, umeshikwa na ufito mrefu unaokwenda nyuma chini ya sakafu. Fimbo nyembamba ilitoka katika mkono huo kwenda mbele kwenye chesisi, ili gurudumu lisirudi nyuma dereva anapofunga breki. Juu palikuwa na mkono wa pili, ambao haukuwa mkono tu; ulikuwa mkono wa chombo cha mafuta cha kutuliza mtikisiko, ambacho mafundi hukiita shokapu. Kwa hiyo chombo kimoja kilifanya kazi mbili, na shimo lake likilika gurudumu huinama. Baina ya mkono wa juu na wa chini ilisimama kingipini, nguzo fupi ya chuma ambayo gurudumu huizunguka linapogeuzwa na usukani.

Chini ya kingipini ndipo penye fumbo. Nguzo hiyo haikukaa katika beringi ya gololi, wala katika bushi laini. Ilikatwa hesi kama parafujo, nayo iliingia katika kikombe cha chuma chenye hesi za namna hiyo hiyo, kinachoitwa tranioni. Usukani ukigeuzwa, parafujo hujifunga au hujifungua kidogo, sehemu ndogo tu ya mzunguko mmoja. Na kwa kuwa ufito hufanya kazi katika mkono wa chini, uzito wote wa pembe ile ya gari, karibu robo ya gari zima, hupita katika meno ya hesi hizo. Hesi za kulia na za kushoto zilikatwa kinyume, kwa hiyo vitu vya upande mmoja havitumiki upande wa pili.

Mpango huu ulikuwa na akili. Meno ya hesi yana eneo kubwa la kugusana kuliko bushi ya ukubwa ule, yanaweza kubeba uzito na kuzunguka pamoja, na ni rahisi kuyakata kiwandani. Lakini yalihitaji grisi. Kwa sababu mzunguko ni mdogo, meno hayajipaki grisi yenyewe kama gea inavyojipaka. Yale yanayobeba uzito hugandamana siku zote mahali pale pale na kuikamua grisi ikatoka. Kitabu cha mmiliki cha magari ya kwanza kiliagiza bomba la grisi litiwe katika nipeli za kingipini kila baada ya maili 1,000. Mtu aliyeendesha maili 8,000 kwa mwaka alitakiwa kupiga magoti mara nane. Hapa ndipo inapoonekana kwamba mbuni hakuchora chuma peke yake. Alichora na mtu. Katika mchoro wake, bila ya kuandikwa, alikuwamo binadamu mwenye bomba la grisi mkononi, asiyesahau.

Katika Uingereza ya mwaka 1948 mtu huyo alikuwako. Serikali ilitaka magari yauzwe ng'ambo ili fedha za kigeni zipatikane, chuma kiligawiwa kwa viwanda kwa kufuata mauzo hayo, na mnunuzi wa nyumbani alingoja kwa muda mrefu zamu yake ifike. Aliyepata gari alilitunza kama mtu anayejua kwamba hatapata lingine upesi. Wanaume wengi walikuwa wametoka vitani wakijua kazi ya spana, na siku ya Jumapili asubuhi miguu iliyotokeza chini ya gari haikuwa jambo la ajabu mtaani. Aidha gereji nyingi ziliifanya kazi ya grisi kuwa huduma ya kawaida, kama zilivyouza petroli.

Magari hayo yalifika na Afrika Mashariki, na huko sharti la mchoro likawa gumu zaidi. Vumbi la barabara ya udongo likichanganyika na grisi kuukuu halilainishi tena; husaga. Grisi mpya ilikuwa na kazi ya pili ya kusukuma nje uchafu, na maili 1,000 za lami si sawa na maili 1,000 za changarawe.

Grisi ikikosekana kwa miaka, meno ya hesi huliwa na kuwa membamba na makali kama meno ya msumeno. Dereva hasikii kitu kikubwa. Usukani huwa mzito kidogo, au hulegea kidogo, naye huuzoea. Kisha siku moja, mara nyingi gari likienda polepole na usukani umegeuzwa mpaka mwisho, kama wakati wa kuliegesha, kingipini huchomoka katika tranioni na gurudumu hulala chini ya bodi. Wamiliki wengi wa Minor wanalijua tukio hilo, kwa kuliona au kwa kusimuliwa. Wale ambao liliwapata wakiliegesha gari walikuwa na bahati. Kiungo hicho hakina ahadi ya kungoja mpaka mwendo uwe mdogo.

Mwaka 1960 serikali ya Uingereza, Ernest Marples akiwa waziri wa uchukuzi, ilianza kuyapima magari yaliyotimiza miaka kumi. Yaliyotazamwa yalikuwa breki, taa na usukani. Kasoro zilizoonekana zilikuwa nyingi kiasi cha kuifanya serikali iteremshe umri huo hadi miaka saba mwaka 1961, na hadi miaka mitatu mwaka 1967. Kwa sadfa Minor za kwanza zilikuwa zimepita miaka kumi wakati upimaji ulipoanza, na tarehe 22 Desemba 1960 Minor ya milioni moja ilikuwa imetoka kiwandani, gari la kwanza la Kiingereza kufikia hesabu hiyo. Hivyo kiungo kilichokuwa siri ya mtu na gari lake kikawa jambo la sheria. Mpimaji alilishika gurudumu na kulitikisa. Likicheza, cheti hakikutolewa. Wako walioona huku ni kuingiliwa. Lakini gari halianguki juu ya mwenyewe peke yake, na mtu anayevuka barabara hana njia ya kujua kama anayemjia alitia grisi.

Mmiliki aliyenyimwa cheti alikuwa na njia mbili: gereji, au uani kwake. Kazi ya uani ilikuwa hivi, na haijabadilika sana.

Kwanza hutafutwa ukweli. Gurudumu huinuliwa, hushikwa juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono mwingine, husukumwa na kuvutwa. Likicheza, mtu wa pili huketi garini na kukanyaga breki. Mchezo ukikoma, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Ukiendelea, ubaya umo katika kingipini au katika shokapu. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, lakini lahitaji watu wawili, na huenda ndiyo sababu wake na watoto wengi wa miaka hiyo walijifunza kukanyaga breki kabla ya kujifunza kuendesha.

Nati za gurudumu hulegezwa gari lingali chini. Magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi. Gari likiisha kuinuliwa, chesisi hukalishwa juu ya stendi madhubuti, kwa maana jeki ni chombo cha kuinulia na si cha kulalia chini yake. Watu wamekufa kwa kuipuuza tofauti hiyo, na matofali yaliyopangwa hayafai mahali pa stendi, kwani hupasuka bila ya kutoa habari. Kisha jeki huhamishiwa chini ya mkono wa chini wa gurudumu ili ubebe nguvu ya ufito. Breki hufunguliwa na kufungwa pembeni kwa waya, mpira wake usining'inie. Kingipini hutengwa na mkono wa shokapu huko juu, na sasa jeki huteremshwa taratibu sana. Mkono wa chini hushuka pamoja nayo, na ufito huachia msokoto wake kidogo kidogo mpaka karibu nguvu yote iishe. Anayeuachia kwa ghafula hufanya ujinga mkubwa.

Hapo ndipo uzuri wa mpango wa Issigonis unapoonekana kwa macho ya mtengenezaji. Nguvu kubwa iliyokuwa ikibeba gari imeondolewa kwa jeki ya kawaida, bila ya mtambo wa pekee. Ufito hauhitaji kutolewa kabisa. Ukitolewa, sharti uwekwe alama, kwani ulioisha kuzoea kusokotwa upande mmoja haufai kuhamishiwa upande wa pili. Wala haufai kukwaruzwa, maana chuma kinachosokotwa kila siku huanza kuvunjika pale penye jeraha dogo.

Vipande viwili vya mkono wa chini hufunguliwa, tranioni ikatoka pamoja na kingipini, na mtengenezaji huona kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akikitegemea. Ni kitu cha kutosha kiganja. Ikiwa meno yake yamechongoka, hapana la kujadili. Kishawishi huja katika bei: kununua tranioni mpya na kuiacha kingipini kuukuu. Meno mapya juu ya meno yaliyoliwa hugusana mahali pachache tu, nayo huliwa upesi kuliko yale ya kwanza.

Wakati wa kufunga, tranioni huzungushwa juu ya kingipini hadi mwisho, kisha hurudishwa kidogo, ili gurudumu lipate nafasi ya kugeuka pande zote mbili bila ya hesi kufikia ukomo. Kotapini huwekwa mpya. Nati za bushi za mpira hazikazwi kabisa mpaka gari lisimame chini kwa uzito wake, kwa sababu bushi iliyokazwa gurudumu likining'inia itakuwa imepotoka maisha yake yote na itachanika mapema. Grisi hutiwa gurudumu lingali juu, uzito usiyabane meno, mpaka grisi safi ionekane ikitoka. Shokapu huongezwa mafuta baada ya kufuta vumbi lote kando ya kizibo chake. Mwisho hupimwa mwelekeo wa magurudumu mawili, ambayo hayatakiwi kutofautiana ila kwa milimita chache, na gari huendeshwa polepole kwa njia fupi.

Maarifa haya hayakuwa katika kitabu kimoja. Vitabu vya viwanda viliandikiwa gereji zilizokuwa na mitambo ya pekee, na palipokuwa pagumu vilisema kwa kifupi kwamba chombo fulani kitumike. John Haynes aliliona pengo hilo alipokuwa mwanajeshi wa anga wa Kiingereza huko Aden katikati ya miaka ya 1960, akimsaidia mwenzake kulifufua gari la Austin-Healey Sprite lililochakaa. Kitabu rasmi hakikumfaa mtu wa kawaida. Haynes alipiga picha za kazi hatua kwa hatua, na mwaka 1966 kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo, cha Sprite hilo, kilitoka nakala 3,000 zikaisha kwa muda usiotimia miezi mitatu. Sprite halikuwa mgeni wa Minor: usukani wake ulitoka katika ukoo wa Minor, na kamani zake za mbele, zilizotoka kwa Austin A35, zilitumia vilevile mkono wa shokapu kuwa mkono wa juu. Bandari ya Aden, iliyokwisha zoea majahazi ya pwani ya Afrika kwa karne nyingi, ilikuwa basi mahali ambapo kazi ya uani ilianza kupata maandishi yake.

Lakini elimu hiyo ilipopata kitabu, magari yalikuwa yakigeuka. Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani, alikuwa ameunganisha kamani ya mzunguko na shokapu kuwa nguzo moja, na Ford ya Uingereza ilianza kuitumia katika magari yake ya Consul na Zephyr tangu mwaka 1950. Nguzo hiyo ni rahisi kwa kiwanda. Kwa mtu wa uani ina hatari ambayo ufito hauna: kamani imebanwa ndani yake kwa nguvu ya mamia ya kilo, na anayefungua nati ya juu kabla ya kuibana kwa chombo chake aweza kuuawa nayo. Wakati huo huo viungo vya mpira wa chuma vilivyofungwa grisi ndani kwa maisha yao yote vilichukua mahali pa kingipini. Havina nipeli, havimtaki mtu. Vikichakaa hutupwa.

Si haki kuvilaani. Viungo vilivyofungwa vimeokoa watu wengi ambao hawangetia grisi hata wangeagizwa na malaika, na mbuni mwenye busara huchora kwa ajili ya watu walivyo. Walakini kitu kimoja kiliondoka. Mmiliki aliyepiga magoti kila maili 1,000 hakutia grisi tu. Aliona bushi iliyopasuka, boliti iliyolegea, kutu iliyoanza. Magoti yake yalikuwa ukaguzi. Nipeli ilipoondolewa, ukaguzi uliondoka nayo, na hakuna aliyeuhesabu katika gharama.

Minor ya mwisho ilitoka mwaka 1971, baada ya kutengenezwa magari takriban 1,600,000. Yaliyobaki yaliangukia mikononi mwa wanunuzi maskini na vijana, ambao hawakurithi kitabu cha mmiliki wala desturi yake. Magari haya yalikuwa na nipeli kama awali, lakini mtu aliyechorwa pamoja nayo alikuwa ametoweka. Na hapo ndipo tranioni zilipojipatia sifa mbaya. Charles Ware, aliyeanzisha kituo cha Morris Minor mjini Bath mwaka 1976, alishikilia hoja kwamba gari la namna hii, likitengenezwa upya sehemu kwa sehemu, laweza kuwa rahisi kwa mwenyewe kuliko kununua jipya kila baada ya miaka michache. Katika miaka ya 1990 alishirikiana na mafundi wa Sri Lanka, nchi ambako Minor nyingi zilikuwa bado kazini, kutengeneza vipuri. Wako leo wanaoiondoa tranioni kabisa na kuweka viungo vya kisasa, na wako wanaoona kufanya hivyo ni kulikana gari. Ubishi huo haujaisha, na pande zote mbili zina hoja.

Sheria nayo imezunguka. Mwaka 2012 Uingereza iliyaondolea magari yaliyotengenezwa kabla ya 1960 lazima ya kupimwa kila mwaka, na tangu Mei 2018 msamaha huo umeyafikia yale yaliyopita miaka arobaini na ambayo hayakubadilishwa sana. Kila Minor imo. Dhamana ya kuwa gari ni salama imebaki juu ya mwenyewe, kama ilivyokuwa mwaka 1948. Wengine hulipeleka kupimwa kwa hiari. Wengine huliinua wenyewe uani, humwita mtu wa nyumbani akanyage breki, hulishika gurudumu juu na chini, na kulivuta.